Oga Kwanza, Ndipo Upewe Baruti

Kachaa!

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji wangu. Binti Fundi amevuta kifyatulio, jiwe la gumegume limegonga chuma, cheche zimeruka, na watu wote uwanjani wameziba masikio.

Wameziba bure. Gobore halikulia.

Walibaki vilevile, vidole masikioni, wakitazamana. Mmoja akafungua sikio moja kujaribu. Kimya. Hata kisahani cha baruti, kile kidogo cha ubavuni kinachopokea cheche, hakikutoa moshi.

"Limepiga chafya," alisema Baba Mdogo kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Mpeni kitambaa!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama kwenye benchi lake na kufoka:

"Usilisogeze! Mdomo wa mtutu huko huko kwenye shabaha! Wala usichungulie!"

"Najua, Mama."

"Najua unajua. Nakwambia hata hivyo."

Kwa wewe uliyefungua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Fundi bunduki maarufu alifariki mwaka jana akaacha karakana, mjane na binti mmoja aliyejifunza kazi akiwa bado anabebwa mgongoni. Ndugu wa marehemu amebaki Baba Mdogo peke yake. Dada yao, Mama aliambiwa hivyo, alifariki kabla hata yeye hajaolewa. Baba Mdogo anasema karakana si mahali pa mwanamke. Anataka kuifanya duka la magodoro. Chama cha Mafundi Bunduki kikaamua, kwa desturi yake ya kale: binti aunde gobore kwa mikono yake, la mtindo wa kale, la kushindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu, na kuwashwa kwa jiwe. Likilia mara tatu mbele ya wazee, karakana ni yake na muhuri wa baba yake atapewa. Lisipolia, magodoro.

Sasa tuendelee.

Walisubiri kwa muda wa kutosha, gobore likielekezwa kwenye tuta la mchanga, kisha Binti Fundi akalipakua. Akamwaga baruti chembe chache juu ya jiwe, akainama, akanusa. Akakunja uso.

"Mama, njoo."

Mama alikuja, naye akanusa. Alikuwa ameishi na fundi bunduki miaka mingi. Mashati yake aliyafua yeye. "Hii si yenyewe," alisema.

Binti Fundi akagonga jiwe la gumegume juu ya zile chembe. Cheche zikamwagika kama mvua. Chembe zikakaa tu, hazina habari. Akaomba kibiriti kwa mzee mmoja, akasogeza ule moto wa njiti. Fyuuu! Zikawaka zote.

"Mbadala," akasema. "Inataka moto mkubwa. Hii ni ya magobore ya fataki, yale yenye kofia ya kulipuka. Langu ni la jiwe. Cheche tupu zinataka baruti nyeusi ya kweli."

Kila mtu akamgeukia Daktari wa Meno.

Daktari wa Meno ni mchumba wa Binti Fundi. Kijana mzuri, mikono laini, suti ya nailoni ya bluu inayong'aa. Jana yake alikuwa amejitolea yeye mwenyewe kwenda kuileta baruti, ili naye awe amesaidia.

"Chupa iliandikwa 'kwa bunduki za kizamani'," alisema kwa sauti ndogo. "Na hii ni bunduki ya kizamani."

"Na wewe ni mtu wa kisasa," alisema Mama. "Ndiyo shida."

Mwenyekiti wa Chama, mzee mwenye masharubu meupe yaliyosimama kama brashi, akakohoa. "Sisi tunapima bunduki, hatupimi baruti. Fundi atapata nafasi ya pili. Kesho asubuhi, hapa hapa. Asipokuja na baruti ya kweli, shauri limekwisha."

Uso wa Baba Mdogo ulinywea. Kisha, ghafla, ukachanua. Alitupa sigara yake, akaikanyaga, akaelekea kwenye gari lake mbio mbio bila kumuaga mtu.

Mama aliliona hilo.

"Kila mtu garini," alisema. "Sasa hivi!"

* * *

Duka la bunduki la mjini lina dirisha la vyuma, na nyuma ya kaunta kuna mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

"Baruti nyeusi," Mama alisema kabla hata mlango haujajifunga nyuma yake. "Ya kweli."

"Mbadala ninayo tele. Ya kweli sina."

"Nitaipata duka gani?"

"Duka lolote la mjini hutaipata. Zima Moto hawaturuhusu, na wana haki. Juu ya dari hili wanakaa watu, kuna mpaka kitoto cha juzi. Mbadala inakaa rafuni imetulia kama unga. Ya kweli ikipata cheche moja tu, mimi na kitoto na kaunta tunaondoka pamoja. Inataka ghala lake peke yake, mbali na nyumba."

"Sawa. Lakini jana ulimuuzia huyu kijana bila kumuuliza bunduki yenyewe inawashwa na nini. Hiyo ni kazi gani?"

Mwenye duka akavaa miwani. Akamtazama Daktari wa Meno kuanzia juu mpaka chini, kisha kuanzia chini mpaka juu.

"Huyu? Huyu sijamuona maisha yangu yote. Ningemkumbuka. Suti hiyo haisahauliki."

Lo!

Binti Fundi aligeuka polepole. "Ulisema ulikuja hapa."

"Nilikuja," alisema Daktari. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Mpaka mlangoni nilifika. Halafu nikaona lile dude la dirishani limenielekea. Miguu ikakataa."

"Halafu?"

"Halafu nikakutana na Baba Mdogo hapo kwenye ngazi. Akaniambia, mkwe wangu, usisumbuke, ninayo chupa ndani ya gari, mpelekee mwenzio. Nikaona huyu mzee amebadilika, anatupenda. Alinikumbatia!"

"Akakukumbatia," Mama alirudia.

"Kwa nguvu."

"Wewe unang'oa magego ya watu wanaopiga mayowe," Binti Fundi alisema, "halafu unaogopa bunduki ya dirishani isiyo na kitu ndani?"

"Gego halinielekezei mdomo."

"Mdomo ndio kazi yako!"

Mwenye duka alijifanya anafuta kaunta, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mama akawasukuma wote wawili nje. "Mtagombana mkishaoana, wakati utakuwepo. Sasa tunatafuta baruti. Nani mwingine anaitumia?"

"Machimbo ya mawe," alisema Binti Fundi.

* * *

Mtunza stoo wa machimbo alitoka amepakwa vumbi jeupe mpaka kope. Alisikiliza, akatikisa kichwa, vumbi likaanguka.

"Nilizo nazo mimi ni za kupasulia mwamba, mama. Nikikupa, kesho hamtakuwa na uwanja, mtakuwa na bwawa."

"Basi usinipe."

"Sikupi hata ukinipigia magoti."

"Sipigi magoti, nina haraka. Nani anayo?"

Mtunza stoo alimtazama kwa mshangao. "Si Bi Baruti? Yule wa nyuma ya kiwanda cha matofali? Ndiye mwenye leseni ya ghala huku kote. Marehemu mumeo alikuwa haendi kwingine. Alhamisi kwa Alhamisi namuona anapita hapa. Hukujua?"

"Nilijua," alisema Mama.

Hakujua.

Alirudi garini, akawasha, akaondoka kwa gia ya pili. Alhamisi. Mumewe kila Alhamisi alikuwa akisema anakwenda kuulizia mbao za vitako vya bunduki. Akirudi, nywele zina maji, na mwili mzima unanukia sabuni ya mche. Mama aliwahi kuuliza mara moja. Alijibiwa kwamba mbao zina vumbi sana.

"Mama," Binti Fundi alisema, "huenda si hivyo unavyofikiri."

"Sifikiri. Naendesha gari."

Kwenye kiti cha nyuma Daktari wa Meno alitaka kusema neno la faraja. Akakutana na macho ya Mama kwenye kioo. Akalimeza lile neno.

* * *

Ghala la Bi Baruti limezungukwa na tuta la udongo refu kuliko mtu. Huoni chochote ila paa jepesi la bati, na mbele yake geti la mbao, na kando ya geti kibanda cha kuogea chenye pipa la maji na rafu ya kandambili za mpira.

"Simameni hapo hapo!" Sauti ilitoka nyuma ya geti. "Nani kati yenu anavuta sigara?"

"Hakuna."

"Nani amekaa karibu na anayevuta?"

Walitazamana. "Tulikuwa naye mbali kidogo," alisema Mama.

Geti likafunguka. Mama alikuwa ametengeneza picha kichwani njia nzima: kijana, kiuno chembamba, wanja. Aliyetokea alikuwa mwanamke mkubwa kuliko yeye kwa umri, mrefu, gauni la pamba nyeupe lililofuliwa mpaka likachoka, nywele zimekatwa fupi, hana hereni, hana pete, hana kifungo cha chuma popote.

Alimtazama Mama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Ndiyo wewe," alisema. "Nimekusikia sana."

"Mimi sijakusikia kabisa," Mama alijibu.

"Hilo nalo najua." Bi Baruti akamgeukia Binti Fundi, na uso wake ukalainika kidogo tu, kisha ukarudi ulivyokuwa. "Mmechelewa. Kuna mmoja amekuja hapa sasa hivi, anataka baruti yangu yote. Yote! Leseni ya bunduki ya kuwindia anayo, lakini gobore hana, na hajui hata punje ipi ni ya kazi gani."

"Baba Mdogo!" Binti Fundi alishika kichwa. "Umempa?"

"Nimpe? Ananuka sigara mpaka kwenye soksi. Nimemfukuza akaoge. Kama zamani."

"Kama zamani?" Mama aliuliza.

"Leseni ya karakana," Bi Baruti alisema, kama hakusikia, akanyoosha mkono. Mama akampa. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akairudisha. "Iko sawa. Sasa sikilizeni. Baruti iliyobaki si nyingi, na sheria ya hapa ni moja: nauza kwa atakayeingia safi wa kwanza. Simu, funguo, saa, mikanda, viatu vyenye misumari, vyote kwenye ndoo ile. Mwili uoge. Nguo iwe ya pamba."

Ndipo kwa mbali, upande wa kiwanda cha matofali, vumbi likainuka. Gari lilikuwa linakuja, na lilikuwa linakuja kwa kasi.

"Ndiye!" alisema Binti Fundi.

Ah, msomaji, hujawahi kuona wanawake wawili wakioga vile. Kopo la maji likapigwa huku, sabuni ikaruka kule, mlango wa kibanda ukatikisika. Mama alitoka amevaa gauni la pamba la kuazima, akaenda kwenye rafu ya kandambili kuchagua.

Akasimama.

Kwenye rafu kulikuwa na jozi kubwa ya kiume, kamba ya kushoto imekatika na kushonwa kwa uzi mnene mweusi. Mshono wa kurudi nyuma, fundo limefichwa chini. Mama aliujua mshono ule kwa sababu ulikuwa wake. Kandambili zile mumewe alimwambia zimepotea.

"Vaa hizo hizo," Bi Baruti alisema nyuma yake. "Mwenyewe hatakasirika."

Mama akazivaa. Zilikuwa zinampwaya.

"Na huyu?" Bi Baruti alikuwa amefika kwa Daktari wa Meno. Akapitisha kiganja kwenye mkono wa suti ile ya bluu. Prrr! Ikalia kama mafuta ya moto. "Haya mavazi au mtambo wa umeme? Vua!"

"Sina nguo nyingine, Bi."

"Ninazo mimi."

Na hivyo, Baba Mdogo aliposhuka garini, nywele zimechanwa, uso unameremeta, kitu cha kwanza alichokiona getini ni Daktari wa Meno ndani ya gauni la kulalia la maua ya waridi, limemfikia magotini.

"Mkwe?" alisema Baba Mdogo.

"Shikamoo, Baba Mdogo," alisema Daktari. Adabu haikumtoka.

Baba Mdogo aliamua kutouliza. Alimwendea Bi Baruti huku amepanua mikono. "Nimeoga! Nimebadilisha mpaka soksi. Nipe mzigo wangu."

Bi Baruti alisogeza pua. Akanusa kushoto. Akanusa kulia.

"Umeoga na nini?"

"Sabuni."

"Na baada ya sabuni?"

Baba Mdogo alijishika sikio.

"Nakuuliza wewe."

"Marashi kidogo tu. Nyuma ya masikio."

"Marashi ni spiriti!" Sauti ilimrudisha hatua nzima. "Unataka kuniingilia ghalani umejipaka petroli ya waridi? Rudi ukaoge upya!"

"Ndiyo, da—" Baba Mdogo alilikata neno katikati, akaligeuza kikohozi, akamtupia Mama jicho la haraka, kisha akarudi garini akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Mtu huyu hajawahi kumtii mtu yeyote. Mama aliliweka hilo akilini, karibu na zile kandambili.

* * *

Ndani ya tuta palikuwa safi kuliko jikoni kwako na kwangu. Walishika bamba la shaba mlangoni, mmoja mmoja, ili umeme wa mwili uishie hapo. Bi Baruti alileta mikebe miwili, akaifungua kwa mikono kwa utaratibu wa mtu anayemvua mtoto mchanga nguo.

"Hii ya punje nene ni ya ndani ya mtutu. Hii laini kama pilipili ya kusaga ni ya kisahani. Ukizibadilisha, usilaumu mtu. Na nakuuzia ya kukutosha, sikuuzii ya kuweka chini ya kitanda."

Akawatoa nje mbali na ghala, penye jiwe bapa. Akaweka chembe chache, ungesema ni chumvi ya yai moja, na kumwashiria Binti Fundi. Binti akagonga gumegume mara moja.

Puu!

Moshi mweupe ukainuka, mnene, ukawapita usoni. Harufu ya yai viza na moto.

Binti Fundi akaanza kucheka. Kisha, bado anacheka, macho yakamjaa machozi. "Shati la baba," alisema. "Mama, ni shati la baba."

"Nimesikia," alisema Mama, akatazama pembeni.

Alilipa, akabeba sanduku la mbao lenye mikebe ile, akafika getini. Hapo akasimama. Hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Wewe ulikuwa nani kwa mume wangu?"

Bi Baruti alifuta mikono kwenye gauni. "Gobore likilia kesho, uniulize. Lisipolia, hutakuwa na hamu ya kuuliza."

* * *

Asubuhi uwanja ulijaa. Habari ya gauni la waridi ilikuwa imewahi kufika. Daktari wa Meno alikuja na shati la pamba, suti yake ikiwa bado imefungiwa kwenye ndoo ya Bi Baruti, na kila aliyempita alimuuliza amelalaje.

Binti Fundi alishindilia mtutu kwa mdeki, akakinyunyizia kisahani baruti ile laini, akasimama.

Mama hakuziba masikio. Alishika ukingo wa benchi.

Kachaa—BUU!

Moshi ukameza nusu ya uwanja. Kunguru waliondoka kwenye miti yote. Moshi ulipopungua, shabaha ilikuwa na tundu, na Mwenyekiti wa Chama alikuwa ameinua kidole kimoja.

"La kwanza!"

Binti Fundi akafuta mtutu, akashindilia tena, hana haraka. BUU!

"La pili!"

"Napinga!" Baba Mdogo alikuwa amesimama. Kola yake ilikuwa imelowa. Inaonekana alikuwa ameoga tena asubuhi, kwa tahadhari. "Analipiga mwenyewe, amelizoea! Bunduki nzuri inamtii mtu yeyote. Hii ana ujanja nayo!"

Wazee wakanong'onezana. Mwenyekiti akachezea masharubu. "Kanuni ipo," alisema. "Mwenye shaka ndiye apige la tatu."

Baba Mdogo akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, Baba Mdogo," Binti Fundi alisema, amekwisha kushindilia, anamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kitako kikae begani sawasawa. Na ufungue macho."

Alifumba macho. Alikaza na meno. Alivuta kifyatulio huku akiwa amegeuza uso kama anayechomwa sindano.

BUU!

Moshi ulipoondoka, Baba Mdogo alikuwa ameketi kwenye mchanga, miguu mbele, kofia nyuma. Tundu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye shabaha ya jirani, lakini hakuna aliyeandika popote kwamba lazima lilie na kulenga.

"La tatu!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Limelia mara tatu! Karakana ni ya Binti Fundi!"

Daktari wa Meno aliruka benchi. Mafundi walipigana mabega. Mama alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu jana, akajipepea kwa leso, akasema, "Haya. Haya. Haya." Alikuwa anacheka na hawezi kuacha.

Mwenyekiti akalifungua sanduku dogo la Chama kutoa muhuri wa marehemu, ule ambao fundi hugonga kwenye kila mtutu ili bunduki iuzike.

Akachungulia. Akaligeuza. Akalitikisa.

"Haumo," alisema.

Shangwe zikakatika kama redio iliyochomolewa.

Baba Mdogo, angali mchangani, akaanza kutabasamu taratibu. "Bila muhuri hakuna karakana," alisema. "Hiyo nayo ni kanuni. Ipigieni kura kama mnataka. Au niite lori la magodoro?"

"Ita lori likuchukue wewe."

Watu waligeuka. Getini alikuwa amesimama mwanamke mrefu mwenye gauni la pamba nyeupe, kandambili za mpira miguuni. Hata Mwenyekiti alivua kofia. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumuona Bi Baruti nje ya tuta lake. Alikatiza uwanja, akampita Baba Mdogo bila kumtazama, akafika mbele ya Binti Fundi. Kutoka mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kitambaani. Akakifungua.

Muhuri.

"Aliniachia Alhamisi ya mwisho," alisema. "Akaniambia, siku gobore la binti yangu litakapolia mara tatu, mpe wewe, kwa mkono wako. Shika, mwanangu."

Binti Fundi akaushika kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amekwisha inuka. "Limelia," alisema. "Sasa nauliza. Wewe ni nani?"

"Wifi yako."

"Mimi sina wifi," alisema Mama. "Mume wangu alikuwa na dada mmoja. Alikufa kabla sijaolewa. Siku ya harusi yangu tulisimama kwa heshima ya marehemu, tukainamisha vichwa. Mimi nililia!"

"Nilisikia. Asante." Bi Baruti akageuka sasa, taratibu, mpaka macho yake yakatua pale mchangani, alipokuwa Baba Mdogo akijaribu kutambaa kuelekea gari lake bila kuonekana. "Basi, wifi, tumuulize vizuri huyu mdogo wangu, maana ndiye aliyeleta habari za msiba. Hebu tuambie, wewe. Nilikufa kwa ugonjwa gani?"